Tunazika Viatu Vikiwa Hai

Haya ndiyo niliyoyasema Mwanjelwa, jijini Mbeya, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya usafi wa asubuhi. Waliokuwepo ni wakazi wa mtaa, wafanyabiashara wa sokoni, mafundi wenzangu na vijana wanaojifunza kazi. Wengine walikuwa safarini, wengine walikuwa msibani. Wameniomba niyaandike yote, nami nimeyaandika kama yalivyotoka.

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo? Mugonile! Na ndugu zetu waliotoka Njombe na Iringa, kamwene!

Naona wengi bado mna matope kwenye gambuti. Matope hayo ni ya heshima, msiyafute haraka. Tumezibua mfereji ambao kila mwaka mvua za Novemba zikianza hutapika maji barabarani, na kila mmoja wetu ameona kwa macho yake kilichouziba. Mmetoa chupa, mmetoa nepi, mmetoa matambara. Mimi mliniona nikitembea nyuma yenu na kiroba, mpaka kijana mmoja akaniuliza, "Fundi, unaokota nini?" Nikamwambia nitamjibu mbele ya watu. Sasa namjibu.

Nilikuwa naokota viatu. Vipo 19. Nimevimwaga hapa kwenye turubai ili kila mtu avione. Sikusema jozi 19, nimesema viatu 19, maana vingine mwenzake hayupo, sijui maji yamempeleka wapi.

Tazameni hiki. Buti la ngozi la mwanaume, mguu wa kulia. Naikunja ngozi hivi, inarudi. Nauvuta mshono, hautoki. Matundu ya kamba yote yana pete zake. Kilichoharibika ni kitu kimoja tu: soli imeachia mbele, kuanzia kidole gumba mpaka nusu ya unyayo. Kiatu kimefungua mdomo, basi. Kwangu mimi hii ni kazi ya saa moja na nusu, pamoja na muda wa kusubiri gundi ikauke. Nani alimwambia mwenye buti hili kwamba limekufa?

Mlipokuwa mnakunywa chai nimevikagua vyote kimoja kimoja. Kati ya hivi 19, 11 sehemu yake ya juu bado ni nzima. Kumi na moja! Ndugu zangu, kiatu huharibika kwa chini, kwenye soli, lakini tunakitupa chote. Mtu akitobolewa tairi la gari, analisukuma gari mtoni? Hapana, anaziba pancha. Kwa nini kiatu tunakihukumu hivyo? Tunazika viatu vikiwa hai.

Mimi ni fundi viatu, huu ni mwaka wa 23. Nilianza nikiwa nimekalia ndoo iliyogeuzwa, mwavuli nimeuchomeka ardhini. Leo nina kibanda chenye bati. Waliowahi kuniletea kiatu, hebu nyoosheni mikono. Asanteni. Basi nyie ni mashahidi wangu; nikisema uongo, nikatizeni.

Kwanza nawauliza: kiatu kinatoka wapi? Siku moja nilimuuliza mtoto wa jirani, akanijibu, "Kinatoka kwenye belo la mtumba." Alisema alichokiona. Lakini kabla ya belo kulikuwa na nini?

Mjomba wangu alikuwa akibandua magome ya miwati huko Njombe. Mnaotoka kule mnajua kwamba kampuni ya miwati, TANWAT, ilianza mwaka 1949, na miti ile haikupandwa kwa ajili ya kuni. Kilichotafutwa ni gome. Ndani ya gome la mwati kuna tanini, ile ile inayokukaza ulimi ukinywa chai iliyokolea, na tanini ndiyo inayoizuia ngozi mbichi ya ng'ombe isioze, ikaigeuza kuwa kitu cha kukanyagia mawe. Soli nyingi za ngozi duniani zilitengenezwa kwa dawa ya magome ya aina hiyo.

Nilikuwa na miaka tisa nilipokwenda kumsalimia wakati wa likizo. Alikata mkato chini ya shina, akapenyeza ncha ya panga chini ya gome, akalivuta kwenda juu kwa mikono miwili. Lilitoka refu kama mkanda, upande wa ndani likiwa jeupe na lenye utelezi. Kabla hatujafika nyumbani lilikuwa limeshageuka rangi ya udongo. Viganja vyake vilikuwa vyeusi. Hakukuwa na sabuni ya kuitoa ile rangi. Mama alikuwa akisema kaka yake ataingia nayo kaburini, na kweli aliingia nayo.

Mti ule husubiriwa miaka 8 hadi 10 ndipo ubanduliwe. Hesabuni wenyewe. Ng'ombe alifugwa miaka. Mti ulisubiriwa miaka. Kuna chumvi ya kuhifadhi ngozi, kuna maji mengi ya kuioshea, kuna viganja vya mjomba wangu. Halafu kiatu kinaachia soli kwa kidole kimoja, tunakitupa mferejini.

Siku hizi ngozi nyingi za viatu hazitengenezwi tena kwa magome. Zinatengenezwa kwa chumvi za kromiamu, ambayo ni aina ya metali, kwa sababu kazi ya wiki nyingi inamalizika kwa siku moja. Nitarudi kwenye kromiamu baadaye, msiisahau.

Na raba je? Watafiti wa chuo cha MIT huko Marekani waliichambua jozi moja ya raba za kukimbilia, wakatoa majibu mwaka 2013. Walikuta ina vipande 65, na kuiunganisha kunahitaji hatua zaidi ya 360. Jozi hiyo moja, tangu inapotengenezwa mpaka inapotupwa, inatia hewani takribani kilo 14 za hewa ya ukaa, na zaidi ya theluthi mbili ya uchafu huo hutoka wakati wa kuitengeneza kiwandani. Mnanielewa hapo? Kabla hujaifunga kamba, sehemu kubwa ya madhara imeshafanyika. Hakuna namna ya kuirudisha hewa ile. Kilichobaki mkononi mwako ni kimoja: utavaa muda gani? Ukiitupa baada ya mwaka, mzigo wote wa kilo 14 umeubebesha mwaka mmoja. Ukiishonesha, ukaivaa miaka minne, umeugawa mara nne. Na viwanda vya dunia vinatoa zaidi ya jozi bilioni 20 kila mwaka. Hao ndio wateja wangu, mabilioni, na wengi wao wanazikwa bila kufika kwa fundi.

Sasa turudi kwenye kromiamu, na hapa nitasema kosa langu.

Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nachoma mabaki. Kila Jumamosi jioni nilikusanya vipande vya ngozi, soli za plastiki na viatu vilivyosahauliwa na wenyewe, nikavimwagia mafuta ya taa nyuma ya kibanda, nikawasha. Niliona nafanya usafi. Jirani yangu alikuwa mama lishe mwenye mtoto mdogo aliyekuwa akilala kwenye boksi chini ya meza yake. Siku moja alikuja na yule mtoto mgongoni. Hakugomba. Aliniambia, "Mwanangu, ukiwasha moto wako mimi hufunika vyungu. Mtoto nimfunike na nini?"

Nilikaa kimya. Nilizima ule moto kwa maji ya kuoshea vyombo vyake, na sijawahi kuwasha mwingine.

Baadaye ndipo nilijifunza nilichokuwa nikikifanya. Ngozi iliyotengenezwa kwa kromiamu, ukiivaa, kwa watu wengi haina shida. Ukiichoma, ile kromiamu inaweza kugeuka kuwa aina nyingine, aina ya sumu inayosababisha saratani, ikabaki kwenye majivu yanayopeperuka na kwenye udongo tunaopanda mchicha. Na viatu vya plastiki ya PVC vikiungua hutoa moshi wa tindikali unaochoma koo, pamoja na sumu za daioksini. Kwa hiyo tukikitupa kinaziba mfereji, tukikichoma tunakivuta kifuani. Tumekwenda wapi hapo? Njia salama zaidi ya kukaa na kiatu ni kukivaa.

Mabaki yangu sasa hayachomwi. Vipande vikubwa ni viraka. Vidogo ni washa za bomba. Ukanda wa tairi au wa ngozi nene ni bawaba nzuri ya mlango wa banda la kuku, haipati kutu wala haipigi kelele. Wafugaji wa Uyole wanajua, wanakuja kuchukua bure.

Sasa nisikilizeni hapa vizuri, kwa sababu hili ndilo lililonileta. Matengenezo ya kiatu hayaanzii kwangu. Yanaanzia siku unapokinunua. Mara nyingi mtu ananiletea kiatu ambacho aliyekitengeneza alishaamua kisitengenezeke.

Walinijia vijana wawili, ndugu wa baba mmoja, wachimbaji wadogo wa dhahabu Chunya. Kaka alikuwa amenunua buti mpya dukani, zinang'aa, na mdogo wake akamcheka kwa kutumia pesa nyingi. Yeye mdogo alichagua buti za mtumba, nzito, zimechubuka mbele, moja kamba yake nyeusi na nyingine ya kahawia. Msimu mmoja wa mvua ukapita. Walipokuja kwangu, kaka aliweka buti zake mezani, na soli ikabaki mezani alipoziinua. Haikuachia, sikilizeni, ilikatika. Nilipoibonyeza kwa kidole ilimomonyoka kama udongo wa kichuguu. Mdogo wake soli ilikuwa imelika tu kisigino.

Tofauti ilikuwa nini? Soli ya kaka ilikuwa ya povu, ile nyepesi inayopendwa kwa sababu haichoshi mguu. Nyingi za povu hilo ni poliyurethani, aina ya plastiki, na adui yake ni unyevu. Maji, hata yale ya hewani, yanavunja povu hilo polepole kutoka ndani. Na msidhani kulitunza kabatini kunasaidia. Mzee mmoja hapa mjini alitumiwa buti na mwanawe aliyeko ng'ambo, akazihifadhi kwenye boksi miaka saba akisubiri harusi ya binti yake. Siku ya harusi alitoka nazo nyumbani nzima. Alipofika kanisani aliacha vipande kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti chake, mbele ya wakwe. Aliponiletea alikuwa na machozi. Alidhani amedanganywa na mwanawe. Nilimweleza kwamba mtoto hana kosa. Povu lile lilikuwa linakufa ndani ya boksi tangu siku lilipofika.

Soli ya mdogo mtu ilikuwa ya mpira, na imeshonwa. Pale ngozi ya juu inapokutana na soli kulikuwa na mkanda mwembamba wa ngozi unaozunguka kiatu. Ngozi ya juu imeshonwa kwenye mkanda, na soli imeshonwa kwenye mkanda. Ukikata mshono wa nje, soli inatoka peke yake, kiatu hakijui. Unaweka nyingine. Mashine ya kushona kwa namna hiyo ilienea kutoka Marekani miaka ya 1870, na jina lake ni la Charles Goodyear mdogo, ambaye baba yake ndiye aliyegundua mwaka 1839 namna ya kuupika mpira kwa salfa ili usiyeyuke kwa joto wala kukatika kwa baridi. Baba alituachia mpira mgumu, mtoto akatuachia mashine ya kuushona. Na yule kijana wa Chunya hajui habari zao, lakini ameshabadilisha soli kwangu mara tatu, na buti ni zile zile.

Kwa hiyo ukienda kuchagua mtumba, au dukani, usianze na rangi. Angalia mshono. Geuza kiatu, pitisha kucha pembeni ya soli. Kwenye mshono wa kweli utaugusa uzi kwa kucha. Kuna viatu vimechorwa mshono kwenye plastiki, hakuna uzi hata mmoja, kucha inateleza. Inua kitambaa cha ndani, tazama kama mshono unaonekana na upande ule. Bonyeza soli kwa kidole gumba: ikibaki na alama, au ukisikia inalia kama biskuti, iache hapo hapo hata kama ni ya bei ya kutupa. Angalia mshono, mama. Angalia mshono, baba. Wewe unayemnunulia mtoto viatu vya shule, angalia mshono, maana mtoto akikua viatu vile vitamfaa mdogo wake.

Vijana mnaojifunza mliniomba nionyeshe, nami nitaonyesha kwa maneno, meza ni ndogo.

Soli ya zamani naitoa kwa kisu na koleo, taratibu, nisiuchane mkanda. Halafu nakwangua gundi ya zamani yote mpaka nione ngozi. Hapo ndipo mafundi wengi wanakimbia. Gundi mpya juu ya gundi ya zamani ni kujenga nyumba juu ya majani. Napiga msasa pande zote mbili, kiatu na soli, mpaka paote manyoya. Napaka gundi nyembamba, nasubiri inyonywe. Napaka mara ya pili, nasubiri tena. Nitajuaje kama iko tayari? Naigusa kwa mgongo wa kidole: ikinishika bila kunichafua, iko tayari. Naiweka mara moja tu, kwa sababu ikishagusana haikubali kurekebishwa. Nakivalisha kiatu kwenye chuma cha miguu mitatu, nagonga kuanzia katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Ndipo nashona. Uzi wa nailoni nimeupitisha kwenye nta, sindano ina mpini wa mti na kindoano nchani. Inaingia tupu, inatoka na uzi. Kila tundu liko mbali na mwenzake kwa upana wa punje ya mahindi; ukiyabana zaidi unaigeuza soli kuwa stempu, itachanika pale pale.

Soli naikata kwenye tairi. Tairi la nailoni, vijana, si la waya. La waya linakula kisu, na waya ukijitokeza unakula kisigino cha mteja. Na tairi likishakatwa, lichonge meno. Huku kwetu watu wanateremka milima ya Rungwe na mzigo wa ndizi kichwani, na Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Soli laini kwenye udongo ule ni ajali.

Kuna wanaowacheka wanaovaa katambuga na soli za tairi, wanasema ni ushamba. Niwape habari. Mwaka 1935 Mwitaliano mmoja, Vitale Bramani, aliongoza wenzake kupanda mlima Punta Rasica huko Alpi. Dhoruba iliwakuta juu, na sita wakafa kwa baridi, viatu vyao havikuwafaa kwenye barafu. Bramani alirudi hai na msiba huo. Akaanza kutafuta soli moja itakayoshika mwamba na barafu. Alimwendea nani? Aliwaendea watu wa matairi, kampuni ya Pirelli, na mwaka 1937 akatoa soli ya mpira yenye meno mazito. Buti za mlimani mnazoziona kwa watalii wanaopanda Mlima Rungwe, nyingi zina meno ya ukoo huo. Kwa hiyo fundi wa Mwanjelwa anapokata soli kwenye tairi, asione haya mbele ya mtu yeyote.

Jambo jingine: njooni mapema. Kuna mama wa viazi anayepanda na magari ya mizigo kutoka upande wa Kitulo, kwenye baridi kali. Kila mwaka ananiletea buti zikiwa zimetoboka mpaka kitambaa cha ndani, mkanda umekatika, ngozi ya pembeni imesagika kwa kukanyagwa. Kiatu ambacho Mei kingehitaji kisigino peke yake, Septemba kinahitaji soli, mkanda na viraka viwili. Nilimuuliza, "Mama, kwa nini unachelewa hivi?" Akasema, "Fundi, kikiwa bado kinavalika naona aibu kukisumbua." Nimeyafikiria sana maneno hayo. Tunaona aibu kukipeleka kwa fundi kiatu kinachotembea, lakini hatuoni aibu kukitupa mferejini.

Kisumbue, mama. Kisigino kikianza kulalia upande mmoja, kilete. Uzi mmoja ukikatika, kilete.

Na kikilowa, kisikaushwe jikoni. Najua Juni na Julai baridi yetu, najua asubuhi unakitaka kikavu. Lakini ngozi iliyolowa ikiwekwa kwenye mkaa inakakamaa kama ngozi ya ngoma, na ikikunjwa inapasuka pale pale kwenye vidole, na mpasuko huo hauna fundi. Jaza magazeti ndani, weka kivulini penye upepo, badilisha magazeti kabla ya kulala. Baba yangu alifanya hivyo kila jioni ya mvua, na ushahidi ni huu.

Buti hizi ni za baba. Alikuwa mfanyakazi wa reli ya TAZARA, kwenye genge la kutunza njia. Mnajua urefu wa reli ile, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, Zambia, ilikabidhiwa mwaka 1976. Baba alitembea kipande chake juu ya mawe ya kokoto, kwenda na kurudi, miaka yote ya kazi. Tazameni ulimi wa buti hili kwa ndani. Kuna tarehe zimeandikwa kwa kalamu ya wino. Fundi mmoja mzee, jirani na stesheni, ndiye aliyeandika tatu za kwanza. Mbili za mwisho ni mwandiko wangu. Soli tano. Ngozi ni moja.

Tarehe hizo zinanipeleka kwa mafundi wenzangu, na nitawaambia mbele ya wateja.

Siku moja ya mvua nyingi muuguzi mmoja aliniletea kiatu asubuhi, ana haraka ya zamu. Kiatu kilikuwa na unyevu. Nilijua kina unyevu. Nikapaka gundi, nikagonga, nikapokea pesa. Soli iliachia njiani, kwenye tope, akafika kazini amechelewa, mguu mmoja kwenye mfuko wa plastiki. Jioni alikuja akakiweka mezani kwangu, akaondoka bila neno. Sikushona kingine siku hiyo. Wateja wakiacha kutuamini, viatu vinakwenda mferejini, na sisi ndio tuliovisukuma. Kiatu kibichi kikataeni. Mwambieni mteja ukweli, muazimeni kandambili asubiri.

Na tuandike tarehe. Tangu siku ile kila soli ninayoweka naandika ndani ya ulimi tarehe na nilichofanya. Soli ikiachia kabla ya miezi sita bila kosa la mteja, nairudishia bure. Nawaomba wenzangu tukubaliane hili leo, kabla hatujatoka humu.

Wazazi, mtoto akisema anataka kujifunza kazi hii msimnunie. Ngozi ina elimu yake mpaka chuoni. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, kampasi ya Mwanza wanafundisha teknolojia ya ngozi. Nchi yetu iko miongoni mwa zenye ng'ombe wengi kabisa Afrika. Ngozi ipo, mikono ipo.

Viatu hivi 11 nitavishona mwenyewe, bila malipo. Mwenye kumtambua mwenzake aje anieleze. Hivi vinane vingine nitavikata viraka. Waliovaa viatu vyenye tatizo leo, meza yangu iko wazi mpaka saa kumi jioni, na mvua hazijaanza.

Ndaga fijo, asanteni sana kwa kunisikiliza. Wewe kijana wa raba nyeupe hapo nyuma, karibu na mlango, nimekuona tangu mwanzo unavyouficha huo mguu wa kushoto chini ya benchi. Kisigino kimeanza kuachia, sivyo? Kivue ukilete hapa mbele. Gundi ninayo.